Umeokoka, na Nyumba ya Watu Je?

Hapa Bwiza mabishano juu ya wokovu hayana likizo. Ukirudi kutoka chuoni jioni na kupita avenyu mbili tu, utasikia vipaza sauti vitatu vikishindana, na kwenye kibaraza cha duka utawakuta vijana wamefungua Biblia magotini wanagombana. Mmoja ni wa parokia, mwingine ni wa kanisa la kiroho, na kila mmoja ana ukurasa wake. Wa kiroho anakwenda kwa Waefeso sura ya 2, anakosema Paulo kwamba hatukuokolewa kwa kazi za mikono yetu, ili pasiwe na wa kujigamba. Wa parokia anakwenda kwa Yakobo sura ya 2, anakosema Mtume kwamba imani isiyotenda ni maiti. Wakimaliza wanaanza upya. Nimewasikiliza tangu sekondari na sijaona hata mmoja akihama upande.

Mimi nasema kwamba mabishano hayo, kama tunavyoyafanya katika mtaa huu, ni maficho. Tunagombania imani na matendo kwa sauti kubwa ili tusiulizwe swali jingine, lililomo katika Biblia hiyohiyo: ulichomchukulia mwenzako, umemrudishia? Mtu anaweza kuwa na imani ya kuhamisha milima, akawa na matendo mema ya kujaza daftari, na usiku akalala katika nyumba isiyo yake. Watu wa namna hiyo tunao. Tunawapigia makofi Jumapili.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze kidogo. Bwiza ni mtaa wa zamani wa Bujumbura, unapakana na Buyenzi, na leo yote miwili imo ndani ya komine ya Mukaza. Lugha ya barabarani ni Kiswahili. Hapa wamekaa Wahutu na Watutsi, Wakongomani, Wanyarwanda, Waislamu na Wakristo, ukuta kwa ukuta. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 na vita vikawaka, mitaa ya mji ilianza kugawanyika. Kamenge ikajulikana kuwa ya Wahutu, Ngagara na Nyakabiga zikajulikana kuwa za Watutsi. Bwiza na Buyenzi zikabaki zimechanganyika, mpaka mwisho wa Machi 1995 zamu yetu ilipofika. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kuingia Uvira katika nchi iliyoitwa Zaire. Vijana waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa na majina ya ubatizo.

Nyumba iliyoachwa haikai tupu. Nyingine aliingia mtu akabadilisha kufuli. Nyingine iliuzwa kwa bei ya kutupa na mtu ambaye hakuwa na haki ya kuiuza, aliyenunua akauza tena, na baada ya miaka kumi karatasi zikaonekana safi. Wala si kabila moja lililoporwa wala si mwaka mmoja. Waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walikuta mashamba yao, hasa upande wa Rumonge, yamegawiwa wengine. Watutsi waliofukuzwa vilimani mwaka 1993 wapo hadi leo wanaoishi katika vijiji vya wakimbizi wa ndani, wakiyatazama mashamba ya baba zao kwa mbali. Nchi hii imejaa vitu vilivyo mikononi mwa asiyehusika. Na nchi hii pia imejaa Wakristo. Wanaoshika vitu na Wakristo ninaowataja ni watu walewale.

Sasa turudi kwa wabishi wetu wa kibarazani. Wanadhani wanaendeleza vita vya Martin Luther na Papa, na hawajui kwamba wenye vita walikwisha kukaa meza moja. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Kwa ufupi walikubaliana kwamba Mungu humpokea mtu kwa neema, mtu hainunui, na kwamba neema hiyo ikiingia ndani ya mtu huzaa matendo. Tofauti zimebaki, lakini si zile tunazozipigia kelele. Luther mwenyewe, aliyetia neno "peke yake" katika tafsiri yake ya Warumi mwaka 1522, aliandika katika utangulizi wa barua hiyohiyo kwamba imani ya kweli haiwezi kutengwa na matendo, kama vile moto hautengwi na joto lake. Wakatoliki nao, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, walikataa kwamba mtu anaweza kujiokoa kwa nguvu zake bila neema. Basi anayemwambia jirani yake "nyinyi mnanunua mbingu" au "nyinyi mnaruhusu dhambi" anapigana na mtu ambaye hayupo.

Na kuna siku ambazo mabishano haya hayana hata mahali pa kusimama. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, wavamizi waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa arobaini, wengine wadogo kuliko mimi ninayeandika. Kukataa kule kulikuwa imani au kulikuwa tendo? Anayeweza kukata katikati na akate.

Nianze na upande wa waliookoka, maana ndio wenye vipaza sauti vikubwa zaidi. Wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote: yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakubatizwa, hakufunga, hakutoa sadaka, alisema sentensi moja akaahidiwa peponi. Ni kweli kabisa. Lakini mnyang'anyi yule mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari. Wewe mhubiri mikono yako iko huru, na mmoja umeshika funguo. Ukitaka mfano wa mnyang'anyi ambaye mikono yake ilikuwa huru, yupo katika Injili hiyohiyo ya Luka, sura ya 19. Zakayo. Angalia mpangilio wa mambo pale. Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, kabla Zakayo hajalipa hata senti, kwa hiyo neema imetangulia na wa kiroho wafurahi. Kisha Zakayo anasimama, hasemi kwamba sasa anaamini, anasema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ni baada ya maneno hayo Yesu anatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile. Mahubiri ya Zakayo nimeyasikia mara nyingi sana hapa kwetu. Yanaishia juu ya mti. Tunaambiwa alivyokuwa mfupi, alivyopanda, alivyoitwa jina, kisha tunaambiwa nasi tushuke kutoka kwenye miti yetu, na kapu la sadaka linapita.

Hata Paulo, ambaye wanamshika kama ngao, hakuhubiri wokovu wa kufuta madeni ya watu. Soma barua fupi kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa aliyetoroka, ameokoka mikononi mwa Paulo. Huenda alikuwa na deni kwa bwana wake. Paulo angeweza kuandika kwamba mtu huyu ni kiumbe kipya, mambo ya kale yasahauliwe. Hakuandika hivyo. Aliandika kwamba kama kuna deni, liwekwe kwa hesabu yake yeye Paulo, naye atalilipa, na ahadi hiyo akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtume wa neema alijua kwamba msamaha wa Mungu hauondoi hasara iliyompata Filemoni.

Na kama Biblia ni mbali, historia ya hapa ni karibu. Hawa wanaoitwa waliookoka, katika Afrika yetu hii, wana babu zao wa kiroho: Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulianza miaka ya 1930 katika misheni ya Waanglikana ya Gahini, Rwanda, na majina yanayotajwa kila mara ni la daktari Mwingereza Joe Church na la Muganda Simeoni Nsibambi. Katikati ya miaka hiyo Waanglikana waliingia Burundi wakafungua vituo vya Buhiga na Matana, na moto ule ukawafuata mpaka huku, ukaruka hata kwenye makanisa mengine. Watu hawa walihubiri damu ya Yesu na neema tu. Hakuna awezaye kuwashitaki kwamba walitegemea matendo. Lakini waliookoka wale walirudisha. Mtu akiguswa, jambo la kwanza lilikuwa kuungama mbele ya ndugu, na la pili kwenda kwa aliyemwibia. Walirudisha vitu vilivyoibwa, walilipa madeni yaliyokwisha kusahauliwa, walikwenda kwa waajiri na kwa wamisionari kusema: hiki nilikichukua. Walikuita kutembea katika nuru. Hawakufanya hivyo ili waokolewe. Walifanya kwa sababu walishangaa mtu angewezaje kuokoka na bado ameshika mali ya mwenzake.

Leo ushuhuda ni mwingine. Nilikuwa mlevi, nikaokoka. Nilikuwa naumwa, nikaombewa. Sikuwa na viza, Bwana akafungua mlango. Miaka yote hii sijasikia ushuhuda mmoja, mmoja tu, wa mtu aliyesema: nilikuwa nimekalia nyumba ya fulani, juzi nimemwita nikampa funguo. Ukiuliza, wanakujibu kwa methali, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali nzuri, lakini nyumba haijapita. Iko palepale, imepakwa rangi mpya, na kila mwisho wa mwezi wapangaji wanalipa.

Ndugu zangu Wakatoliki wasicheke, maana wao wana hatia nzito zaidi: wana mafundisho yaliyo wazi na wanayaweka kabatini. Augustino, askofu wa Hippo, aliandika kwamba dhambi ya wizi haiondolewi kama mtu anaweza kurudisha alichoiba na harudishi, na kwamba toba ya namna hiyo ni maigizo. Thomas wa Akwino aliuliza waziwazi kama kurudisha ni lazima kwa wokovu, akajibu kwamba ni lazima. Sakramenti ya kitubio yenyewe ina sehemu ya malipizi. Lakini katika kiti cha maungamo malipizi yamekuwa Salamu Maria kumi, awe aliyemtukana shemeji au aliyechukua kiwanja cha mjane. Baada ya hapo mtu huyo anachangia mabati ya kigango, ananunua viti vipya, jina lake linasomwa mbele ya misa, na watu wanasema yule ni mtu wa matendo. Unadaiwa na mjane, unamlipa parokia! Hata muuza mkaa wa sokoni anajua kwamba deni lake halilipwi kwa kumpa pesa muuza nyanya wa pembeni. Rafiki yangu mmoja wa Buyenzi, Mwislamu, nilipomweleza haya alinishangaa. Kwao, alisema, mtoto wa madrasa anafundishwa mapema kwamba haki ya Mungu inaweza kusamehewa na Mungu, lakini haki ya mja anaisamehe mja mwenyewe. Akaniuliza kama sisi tulikuwa hatujui.

Siandiki haya nikiwa sina upande. Nilizaliwa katika kambi ya Mtabila, Kigoma, na nyumbani nilikuwa nikipajua kwa maneno ya bibi yangu, mama yake mama: avenyu fulani, lango la bluu, mwembe alioupanda babu. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 tulirudi. Tunapanga chumba na sebule Bwiza hiihii, na nyumba ile iko mwendo wa dakika sita kwa miguu. Anayeikalia ni mzee wa kanisa. Kabila lake na letu sitalitaja. Anayejua historia atakisia, na kisio lake halitamsaidia kitu.

Mzee huyo si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonifanya niandike. Ana imani, nimemsikia akiomba, na machozi yake si ya bandia. Ana matendo, kila Krismasi anamletea bibi kilo tano za mchele na sukari, na bibi alipolazwa kwa malaria alikuja kumwombea, akalipa dawa, akakataa kurudishiwa faranga hata moja. Anamwita Mama. Anajua nyumba ni ya nani. Anasema aliikuta kwa kijana aliyekuwa ameikuta, alimpa kijana yule pesa kidogo, na sasa ana watoto sita na vyumba vinne vya kupangisha nyuma. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi kwa nini anapokea mchele ule. Akasema, "Mchele nimepokea, nyumba sijapokea." Akaendelea kuchambua.

Tazama basi mabishano yetu yanavyoshindwa mbele ya mtu huyu. Wa kiroho ataona imani yake na kusema ameokoka. Wa parokia ataona mchele na dawa na kusema matendo yake yanatosha. Wote wawili watampitisha. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kipimo cha kuona bibi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, kwamba hilo ni kazi ya serikali. Serikali ilijaribu. Mwaka 2006 iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, na tazama ilimtafuta nani wa kuiongoza: padri Astère Kana, na baadaye monsinyori Sérapion Bambonanire. Hata wanasiasa walihisi kwamba jambo hili linanusa kanisa. Mwanzo tume ilielekea kugawanya mali nusu kwa nusu, baadaye ikaelekea kumrudishia aliyekimbia yote, na kila njia ilizaa kilio. Mwaka 2013, Ngagara, kutolewa kwa familia moja katika nyumba iliyogombaniwa kulileta fujo kati ya vijana na polisi. Tume iliweza kutoa hati na kuleta polisi. Haikuweza kumfanya mtu atake kurudisha. Kutaka huko ndiko makanisa yanakodai kuwa na utaalamu nako.

La pili ni gumu zaidi, na sitalipita mbio. Mzee ana watoto sita. Akirudisha nyumba, wataenda wapi? Na aliyenunua bila kujua, pesa yake atairudishiwa na nani? Sina jibu moja la nyumba zote. Lakini sijasema mtu atupwe barabarani na vyombo vyake. Hata Zakayo hakutoa mali yake yote. Alitoa nusu kwa maskini, na akahesabu aliyowadhulumu. Kuna vyumba vinne vinavyopangishwa: kodi ya viwili ingeweza kuanza kwenda kwa bibi mwezi huu. Kuna karatasi inayoweza kuandikwa kwamba kiwanja ni cha nani, hata kama anayekaa anaendelea kukaa kwa muda waliokubaliana. Tuna bashingantahe, wazee ambao nchi hii iliwatumia kupatanisha watu kabla ya kuja mmisionari wa kwanza. Mzee anaweza kwenda kwa bibi na wazee wawili, akakaa kwenye kiti kile anachokalia akileta mchele, na akaanza yeye mazungumzo. Bibi ana haki ya kusamehe sehemu, au yote. Hawezi kusamehe deni ambalo hakuna aliyelitamka.

La tatu limesemwa na mwanafunzi mwenzangu, mtu ninayemheshimu: ukiweka sharti la kurudisha, umeirudisha sheria kupitia dirishani, na neema si neema tena. Namjibu hivi. Daktari akikwambia jeraha halitapona msumari ukiwa ndani, hajakutoza pesa. Nakubali kwamba Mungu anaweza kumpokea mzee huyu leo akiwa na funguo mfukoni. Ninachokataa ni sisi kumweka mbele ya madhabahu kama mfano wa aliyepokelewa, na kumpa kipaza sauti awafundishe vijana, bila mtu yeyote kumuuliza. Mungu ana uhuru wake. Kanisa lina wajibu wake kwa yule aliye nje ya lango.

Ninaloliomba makanisani ni dogo, na halihitaji mtaguso. Katika darasa la ubatizo la kanisa moja la hapa, ambalo nilihudhuria, tunapewa karatasi ya maswali kabla ya kuingia majini. Unakunywa pombe? Unavuta sigara? Una mke au mume wa pili? Umewahi kwenda kwa mganga? Wakatoliki nao wana maswali yao ya kupima dhamiri kabla ya Pasaka. Ongezeni moja: unakaa, unalima au unapangisha mahali pa mtu aliyekimbia, na je, umezungumza naye au na watoto wake? Waulizwe wanaobatizwa, kisha waulizwe wazee wa kanisa kabla ya kuchaguliwa, kisha wachungaji na mapadri. Ile karatasi ninayo bado. Chini ya swali la mganga pana nafasi ya mistari mitatu.